Mazungumzo Yanayotangulia Maneno: Hotuba kwa Wazazi, Wakunga na Wauguzi

Mheshimiwa Mwenyekiti, waganga na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, wakunga mlio kazini na mliostaafu, kina mama mliokuja na watoto wenu mgongoni na kifuani, kina baba mliokubali kukaa nasi asubuhi hii, mabibi na mabwana: asalaam aleikum, na hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna mtoto mchanga anavyoanza kujifunza lugha. Mimi ni mwalimu wa isimu, si daktari, kwa hiyo sitajitia kuwafundisha wauguzi kupima uzito wala wakunga kukata kitovu. Nitawaeleza yale ambayo watafiti wa lugha wameyagundua katika miaka hamsini hivi iliyopita, na kuyaweka kando ya yale tunayoyafanya majumbani mwetu, maana baadhi ya mambo hayo bibi zetu waliyajua kwa kuyatenda, na mengine hakuna aliyeyajua mpaka vilipopatikana vyombo vya kuyapimia. Hoja yangu ni moja, nami naisema mapema ili mama atakayelazimika kutoka nje na mtoto asiikose. Mtoto huanza kujifunza lugha akiwa bado tumboni, kwa kusikiliza. Akishazaliwa huiendeleza kwa kupokezana zamu na mtu anayemjibu. Na neno lake la kwanza, linalokuja karibu na kutimiza mwaka, huwa limetanguliwa na miezi mingi ya mazungumzo ambayo ndani yake mtoto hakusema neno hata moja.

Tuanze tumboni. Masikio ya mtoto huanza kufanya kazi kabla mimba haijatimiza miezi 7, na tangu hapo hadi kuzaliwa anaishi mahali penye makelele: mapigo ya moyo wa mama, damu ipitayo mishipani, chakula kinachosagika. Juu ya makelele hayo husikika sauti ya mama mwenyewe, ambayo humfikia mtoto kupitia hewani na ukuta wa tumbo, kama zinavyomfikia sauti za watu wengine, na pia kupitia mifupa na nyama za mwili uleule unaombeba. Ukuta wa tumbo na maji ya uzazi huzuia sauti nyembamba na kupitisha zile nzito, kwa hiyo konsonanti nyingi hupotea njiani, ilhali kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hufika karibu kama kilivyotoka, pamoja na mwendo wa silabi. Ukisimama nje ya nyumba iliyofungwa milango na ndani watu wanazungumza, hutaambulia neno, lakini utajua kama ni ugomvi au ni kisa kinachosimuliwa, na kama wewe ni mwenyeji utajua hata lugha yenyewe ni ipi. Mtoto aliyemo tumboni yumo katika hali hiyo kwa wiki nyingi. Kama mama yake ni msemaji wa Kiswahili, amekwisha kuuzoea mkazo wetu unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno, kabla hajaambiwa lolote.

Mtajua vipi kwamba mtoto wa siku mbili ameyakumbuka hayo, naye hawezi kuulizwa? Anthony DeCasper na William Fifer, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, walipata njia mwaka 1980. Mtoto alipewa chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto mchanga hunyonya kwa mafungu, na baina ya fungu na fungu hupumzika. Chombo kilipangwa hivi kwamba mtoto akipumzika kwa muda wa namna fulani anasikia sauti ya mama yake ikisoma, na akipumzika kwa muda wa namna nyingine anasikia sauti ya mama wa mtoto mwingine. Watoto hao walikuwa hawajatimiza siku tatu, tena walikuwa wamekaa na mama zao kwa saa chache tu, kwa kuwa wodi za huko siku hizo zilikuwa na desturi ya kuwaweka watoto chumba cha peke yao. Wengi wao walibadilisha unyonyaji wao ili wapate sauti ya mama. Miaka sita baadaye DeCasper na Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome kwa sauti kisa kimoja, kila siku, katika wiki 6 za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa walikichagua kisa hicho kuliko kisa wasichowahi kukisikia, hata kiliposomwa na mwanamke mwingine. Sauti ya msomaji ilikuwa ngeni kwao. Mwendo wa maneno ndio waliokuwa wameubeba kutoka tumboni.

Kina baba, msinitazame hivyo. Ni kweli kwamba DeCasper alipojaribu mwaka 1984 kwa sauti za wanaume, watoto wachanga waliweza kutofautisha sauti ya mwanamume mmoja na mwingine, lakini hawakuonyesha kuichagua ya baba yao. Msisononeke. Mama alikuwa na miezi ya kusikika usiku na mchana kutoka ndani, na baba anaanza hesabu yake siku mtoto anapozaliwa. Basi na aianze siku hiyohiyo, asingoje mtoto ajue kukaa ndipo aone kuwa sasa anafaa kusemeshwa.

Hapa naomba niseme jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Mtoto wa Kiislamu akishazaliwa na kusafishwa husomewa adhana katika sikio la kulia na ikama katika sikio la kushoto. Hiyo ni ibada, nami siigeuzi kuwa majaribio ya maabara. Nataka tu tutambue kwamba watu wanaofanya hivyo wanamchukulia mtoto wa saa moja kuwa ni msikilizaji, wakati ambapo huko Ulaya, mwaka 1882, mtaalamu wa fiziolojia Wilhelm Preyer aliandika kwamba kila mtoto huzaliwa kiziwi na huanza kusikia baadaye. Katika hilo wazee wetu walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Mwaka 1988 Jacques Mehler na wenzake mjini Paris walionyesha kwamba mtoto wa Kifaransa mwenye siku nne hutambua Kifaransa kinapobadilishwa kuwa Kirusi, hata anayesema akiwa ni mtu yuleyule mwenye kuzijua lugha zote mbili. Na mwaka 2009 timu ya Kathleen Wermke, kutoka Würzburg huko Ujerumani, ilichunguza vilio vya watoto 60 wenye siku tatu hadi tano, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda kuelekea mwisho, na vya Wajerumani vilianza juu vikashuka, sawasawa na viimbo vya lugha za mama zao. Baadaye timu hiyo ilirekodi vichanga wa Wanso, kaskazini magharibi mwa Kameruni, ambao lugha yao ya Lamnso hutofautisha maana ya maneno kwa toni, yaani kwa sauti kuwa juu au chini. Vilio vyao vilipanda na kushuka kwa upana zaidi kuliko vya Wajerumani. Kilio mnachokisikia wodini usiku, ambacho jirani aliyechoka hukiita makelele, tayari kina lafudhi. Nasi tuna Kiswahili kisicho na toni kinachoishi nyumba moja na lugha nyingi za Kibantu zenye toni. Natamani kuona wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wakiingia wodini na vinasa sauti, kwa idhini ya wazazi, wawasikilize vichanga wa Kichaga na wa Kiswahili.

Juu ya sauti moja moja nitapita haraka. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake walionyesha kwamba mtoto wa mwezi mmoja hutofautisha b na p. Mwaka 1984, huko Kanada, Janet Werker na Richard Tees waligundua kwamba watoto wa wasemaji wa Kiingereza wenye miezi 6 hadi 8 walisikia tofauti za sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzisikia kabisa, na walipofika miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Mtoto huzaliwa akiwa tayari kwa lugha yoyote ya dunia, kisha masikio yake huegemea kwenye lugha anazozisikia kila siku. Kuna watu huhuzunika wakisikia hivyo, wakaona kuwa mtoto amepoteza kitu. Mimi naona amefanya kazi yake vizuri, kwa sababu msikilizaji anayezingatia kila tofauti ndogo ya sauti, hata zile zisizo na maana katika lugha ya nyumbani, atachelewa kuyapata maneno.

Sasa nifike kwenye kiini, nacho ni zamu. Nitaomba tumtazame mama anayenyonyesha, maana hapo ndipo jambo lenyewe linapoonekana wazi, na wakunga mmeliona mara nyingi kuliko mimi. Mtoto amekamata titi. Anavuta mara kadhaa mfululizo, kisha anatulia chuchu ikiwa bado kinywani. Katika utulivu huo mama humtikisa kidogo, au hulitikisa titi, au humgusa shavu na kumsemesha. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia anamwamsha asisinzie, anyonye ashibe. Mtafiti Kenneth Kaye alikaa akahesabu mambo hayo, na alichokiona ni kwamba mtikiso wenyewe haumrudishi mtoto kwenye kunyonya; mtoto huanza tena mtikiso unapokoma. Na mama, bila kufundishwa na bila kujua kuwa anafanya hivyo, hufupisha mitikiso yake katika wiki za mwanzo: anatikisa, anaacha, anangoja. Tazameni basi kilichotokea. Mtoto alifanya lake, akanyamaza. Mama akafanya lake, akanyamaza. Mtoto akajibu. Umbo hilo la wewe kisha mimi, mimi kisha wewe, ndilo tunalolitumia hapa ukumbini kila mtu anaposubiri mwenziwe amalize ndipo aseme, na mtoto amelipata kwenye titi akiwa na siku chache.

Umbali wenyewe unasaidia. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilichopo kama sentimita 20 hadi 30 mbele yake, na vilivyo mbali zaidi ni ukungu. Huo ndio umbali, takriban, kutoka kwenye titi hadi kwenye uso wa mama. Kwa hiyo uso wa kwanza anaoweza kuusoma ni wa mtu anayemlisha, naye huusoma kwa bidii: macho, nyusi, midomo inayofunguka pamoja na sauti anayoijua.

Inapofika wiki ya sita hivi huja tabasamu la kumkusudia mtu, tofauti na lile la usingizini, na kutoka hapo mazungumzo huchangamka. Mary Catherine Bateson huko Marekani, na Colwyn Trevarthen huko Scotland, walizipiga filamu nyakati hizo katika miaka ya 1970, wakazitazama polepole. Mama anasema jambo fupi kwa sauti nyembamba ya kubembeleza, ananyamaza. Mtoto wa miezi miwili anatanua macho, anasogeza mikono, anatoa sauti ya “aa” au “guu”. Mama anaipokea kana kwamba ni jibu kamili: “Ehee! Kumbe! Ukashiba?” Ananyamaza tena. Hakuna taarifa yoyote inayopita hapo, wala mtoto hajui maana ya kushiba kama neno, lakini zamu zinaheshimiwa na ni nadra wawili hao kukatizana.

Kwamba mtoto anatarajia jibu, na si kwamba anafurahia sura tu, lilithibitishwa na Edward Tronick na wenzake katika jaribio walilolitangaza mwaka 1978. Mama alicheza na mtoto wake kama kawaida, kisha akaombwa, kwa dakika chache, amtazame mtoto bila kusema, bila kutabasamu, uso umekauka. Watoto wa miezi michache tu walimtazama, wakatabasamu kumvuta, wakatoa sauti, wakanyosha mikono, na jibu lilipokosekana wakageuza uso pembeni na kunung’unika. Sitaki kuwatisha kina mama, kwa kuwa dakika chache za uso mkavu hazimuumizi mtoto, na kila mzazi huchoka. Lakini siku hizi tuna kitu mkononi ambacho hukausha uso wetu mara nyingi kwa siku. Mtu anayesoma ujumbe kwenye simu huku ananyonyesha hana ubaya wowote moyoni. Ila macho yake yameshuka na uso haujibu, na mtoto aliye sentimita 30 kutoka hapo hana njia ya kujua kuwa mama yuko kwenye kikundi cha harusi.

Niongeze kwamba si kila kilichoandikwa juu ya vichanga kimesimama imara. Mwaka 1977 Andrew Meltzoff na Keith Moore walitangaza kwamba mtoto wa wiki mbili tatu akimwona mtu anatoa ulimi naye hutoa wake. Habari hiyo ilienea sana, lakini watafiti wengine waliorudia jaribio kwa watoto wengi zaidi, katika taarifa ya mwaka 2016, hawakuona uigaji huo. Basi mtoto wako asipokurudishia ulimi usimkimbize hospitali.

Nageukia sasa swali ambalo najua lipo vichwani mwa wengi: haya yote si mambo ya Wazungu? Mbona sisi tumekua bila mama kutukalia mbele na kutuuliza maswali tukiwa na mwezi mmoja? Swali ni la haki, na jibu lake limo hapahapa Afrika Mashariki. Robert LeVine na wenzake, katika miaka ya 1970, waliwachunguza kina mama wa Kisii nchini Kenya na kuwalinganisha na kina mama wa eneo la Boston huko Marekani. Mama wa Kisii hakumsemesha sana kichanga chake, wala hakumkazia macho. Mara nyingi mtoto alipomtazama kwa msisimko mama aligeuza macho pembeni. Lakini mtoto alipolia, mama wa Kisii alikuwa mwepesi kumbeba, kumshika na kumnyonyesha, na kwa kutwa nzima mtoto alikuwa mwilini mwa mtu. Kwa mama huyo, kazi ya miezi ya mwanzo ni kumlinda na kumtuliza mtoto ili aishi. Kumchangamsha kwa maneno hakukuwa na haraka, na maneno angeyapata kwa watoto wenzake. Watoto hao hawakuikosa lugha yao ya Ekegusii.

Somo ninalolipata hapo si kwamba kumsemesha mtoto hakuna maana. Ninachokiona ni kwamba mama wa Boston na mama wa Kisii wote wawili walikuwa wanajibu, mmoja zaidi kwa sauti na uso, mwingine zaidi kwa mikono na mwili, na mtoto wa Kisii alikuwa mgongoni kwa dada yake katikati ya watu wanaozungumza kutwa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefika Kampala mwaka 1954 na kutembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na mji huo, aliandika kwa makini jinsi watoto walivyokuwa wakishiriki wenyewe: waliita kwa kilio, walinyamaza wakipokewa na mama na si na mtu mwingine, walimtafuta kwa macho akiwa ng’ambo ya chumba, walimlaki kwa tabasamu na kunyosha mikono. Kazi hiyo ya Uganda, iliyochapishwa mwaka 1967, ndiyo iliyotangulia utafiti wake maarufu wa Baltimore, na wanafunzi wetu wa saikolojia wangefaa kuikumbuka kabla ya kuimeza ile ya Marekani.

Hatari niionayo leo iko katika nyumba ambayo imepoteza njia zote mbili. Binti amejifungua, amekaa na mama yake mzazi mpaka arobaini, kisha amerudi mjini kwenye chumba cha kupanga. Mume anatoka alfajiri. Hakuna shangazi, hakuna wifi, hakuna ua wa kukaa na majirani. Mtoto amelazwa kitandani chandarua kimeshushwa, na televisheni imewashwa ili nyumba isiwe kimya. Mtu anaweza kusema kwamba televisheni nayo inasema Kiswahili, tena kizuri. Patricia Kuhl, huko Seattle, alilijaribu hilo akalitangaza mwaka 2003. Watoto wa miezi 9 wa wasemaji wa Kiingereza walikutanishwa na wasemaji wa Kichina cha Mandarini katika vipindi 12 vya kucheza na kusomewa vitabu. Baada ya hapo walitofautisha sauti za Kichina karibu sawa na watoto wa Taiwan. Watoto wengine walipewa watu walewale na vitabu vilevile kwa video, na wengine kwa sauti tupu, na hao hawakujifunza kitu. Video haimngoji mtoto, haimtazami anapogeuka, wala haipokei “guu” yake. Mtoto huyo wa chumba cha kupanga atafaidika zaidi na mama anayefua huku anasema naye, “Nimeimaliza nepi hii, sasa naanika, unaona?”, kuliko na vipindi vya kutwa nzima.

Kuna neno la kudekeza pia, ambalo wazee wetu hulitoa kwa nia njema: ukimchukua kila anapolia atazoea mikono. Silvia Bell na Ainsworth, katika taarifa ya mwaka 1972 ya familia za Baltimore, waliona kwamba watoto waliojibiwa upesi katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi kuelekea mwisho wa mwaka, na walikuwa na njia nyingi zaidi za kueleza haja zao bila kilio. Matokeo hayo yamebishaniwa, nami siyafanyi kuwa sheria. Lakini kwa akili ya kawaida, mtoto wa mwezi mmoja ana sauti moja tu yenye nguvu, na akigundua kwamba sauti hiyo humleta mtu, amejifunza jambo ambalo lugha yote itajengwa juu yake. Bibi, nakuomba radhi, mchukueni tu.

Na lugha ipi? Katika kikao cha namna hii daima kuna baba anayetaka mtoto asemeshwe Kiingereza tangu wodini ili awahi shule, na kuna nyanya anayelalamika kwamba wajukuu hawasemi Kisambaa. Krista Byers-Heinlein na wenzake huko Vancouver, mwaka 2010, waliwapima vichanga waliozaliwa na mama waliokuwa wakisema Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito. Vichanga hao walivutwa na lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha moja na nyingine. Kwa hiyo lugha mbili hazimchanganyi mtoto. Ushauri wangu ni kwamba kila mtu amsemeshe mtoto kwa lugha ambayo yeye mwenyewe huchekea, hubembelezea na huombolezea, kwa sababu ndiyo anayoweza kuisema kwa kiimbo kamili na kwa majibu ya papo hapo. Nyanya aseme Kisambaa chake. Baba ambaye Kiingereza chake ni cha ofisini tu atakauka mbele ya kichanga baada ya sentensi tatu, na sentensi tatu hazitoshi kitu.

Nimalizie na wauguzi, kwa kuwa liko jambo moja ambalo bila ninyi haya yote hayana maana, nalo ni usikivu. Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hadi watatu huwa na upungufu mkubwa wa kusikia tangu mwanzo. Mtoto huyo hulia kama wengine, na miezi ya mwanzo hutoa “aa” na “guu” kama wengine, ndiyo maana wazazi hawashtuki. Nchi zenye utaratibu kamili hulenga kumpima kila mtoto kabla ya mwezi mmoja, kuthibitisha tatizo kabla ya miezi 3, na kuanza msaada kabla ya miezi 6. Hospitali zetu nyingi bado hazina chombo cha kumpimia kila mtoto, lakini kadi ya kliniki inamleta mtoto mbele yenu wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kwa chanjo, na tena miezi 9 kwa chanjo ya surua. Katika ziara zile za mwanzo muulizeni mama kama mtoto hugutuka mlango ukipigwa, na kama hutulia akisikia sauti yake kabla hajamwona. Mkazieni macho zaidi mtoto aliyepata manjano makali, au homa ya uti wa mgongo, au aliyelazwa na kupewa dawa ya jentamaisini. Na katika ziara ya miezi 9 muulizeni kama ameanza kurudiarudia silabi, ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da, ambazo kwa kawaida huanza baina ya miezi 6 na 10. Mtoto kiziwi huchelewa sana hapo. Asiyekuwa nazo apelekwe kupimwa masikio, asiambiwe kwamba wanaume huchelewa kusema.

Akionekana ni kiziwi, wazazi waambiwe siku hiyohiyo kwamba zamu zake bado zipo, zimehamia machoni na mikononi. Laura Ann Petitto na Paula Marentette, mwaka 1991, walionyesha kwamba watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya ishara hubwabwaja kwa vidole, wakirudiarudia vipande vya ishara katika umri uleule ambao wenzao wanarudiarudia silabi. Wapeni wazazi hao namba ya chama cha viziwi kilicho karibu kabla hawajatoka chumbani, na muwaandikie kwenye kadi tarehe ya kurudi pia.

Ahsanteni. Niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wakunga.